Kiganja Chini ya Kitovu

Ukitoka Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ukaiacha lami na kuingia bara kuelekea Kinango, zahanati nyingi utakazokuta hazina daktari. Anayekupokea ni nesi. Ndiye anayechanja watoto, ndiye anayezalisha, na ndiye anayeamua nani abaki na nani akimbizwe hospitali ya Msambweni. Wenyeji humwita daktari, nami sioni kosa.

Wengi hudhani uuguzi ni sindano na kutandika vitanda. Kiini chake ni kuangalia, tena kwa kujua unatafuta nini. Chukua ile saa moja inayofuata mtoto akishalia.

Kondo likitoka, mji wa mimba hujikaza, na misuli yake huibana mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto. Ukilegea, mishipa hubaki wazi na mama anaweza kuishiwa damu kabla gari halijafika. Kwa hiyo mkunga humdunga oksitosini, yuniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa. Kisha kila dakika 15 anarudisha kiganja chini ya kitovu.

“Mama, nakugusa tena. Vumilia kidogo.”

Akikuta pamelegea kama unga uliokandwa, anasugua kwa kuzungusha mpaka pawe pagumu kama kidaka cha nazi.

Tatizo ni kukisia damu. Iliyolowesha kanga na godoro huonekana kidogo kuliko ilivyo, hata kwa mkunga mzoefu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia kitandiko cha plastiki chenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu ikifika mililita 500, sawa na pakiti moja ya maziwa, hakuna kungoja: kusugua tumbo, dawa ya kukaza, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya mshipa na kutafuta palipochanika, vyote kwa mkupuo mmoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu, vifo vikiwemo, yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki tu, na mtu wa kuisoma!

Mtu huyo ndiye tunayembania. Dakika 15 hizo hazitimii nesi akiwa peke yake na akina mama wengine wawili wako kwenye uchungu. Mwaka 2017, wauguzi wa serikali walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba, madaktari waliendelea kufika kazini, lakini wodi nyingi za umma nchini zilikaa tupu. Sijui ushahidi gani zaidi tunautaka kabla ya kuajiri.

Na damu isipokoma, nesi hupanda gari pamoja na mama. Njia nzima hadi Msambweni, mkono mmoja umeinua chupa ya maji. Wa pili ungali tumboni, unasugua.