Mzinga wa Graf von Götzen

Mzinga wa Graf von Götzen ulikuwa mzinga wa milimita 105 uliofungwa kwenye meli ya Kijerumani Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Asili
Ulitoka kwenye manowari SMS Königsberg, iliyokuwa na mizinga kumi ya aina hiyo. Wajerumani waliizamisha manowari hiyo wenyewe katika delta ya mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915, kisha wakaiopoa mizinga yake. Mmoja ulipelekwa Kigoma, ambako Graf von Götzen ilikuwa imeunganishwa.

Nguvu yake
Mzinga huo uliweza kurusha kombora zaidi ya kilomita 10. Mashua za Waingereza, Mimi na Toutou, zilikuwa na mzinga mmoja mmoja wa milimita 47. Zilikwenda kasi, lakini zilipaswa kufyatua kuelekea mbele tu, maana msukumo wa mzinga ungeweza kuzipindua. Waingereza waliiteka meli ndogo Kingani (26 Desemba 1915) na kuizamisha Hedwig von Wissmann (9 Februari 1916), lakini kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson hakuishambulia Graf von Götzen.

Mwisho
Mwaka 1916 mzinga uliondolewa ili utumike katika vita vya nchi kavu, na mfano wa mbao ukawekwa mahali pake. Kwa mbali, meli ilionekana bado ina silaha. Wajerumani waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 walipoondoka Kigoma. Baadaye iliopolewa, na tangu 1927 ilisafirisha abiria kwa jina la Liemba.