Wakati wa Kuweka Mbolea ya Naitrojeni katika Mahindi: Mwambao wa Lipingo na Milima ya Umatengo

Makala haya yanafafanua kwa nini ratiba moja ya siku haiwezi kuwafaa wakulima wa mahindi wa Lipingo, wilayani Nyasa, pamoja na wenzao wa milima ya Mbinga. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mashamba mengi ya Umatengo yako juu ya mita 1,300. Kwa kuwa ukuaji wa mahindi huongozwa zaidi na joto, yale ya mwambaoni hutangulia. Ushauri wa kuweka mbolea ya kukuzia "baada ya wiki nne" huikuta mimea ya umri mmoja katika hatua mbili tofauti.

Kipimo bora ni majani. Mmea usiofikisha majani sita yaliyokunjuka kikamilifu huwa umechukua chini ya moja ya kumi ya naitrojeni utakayohitaji. Kuanzia hapo mahitaji hupanda kwa kasi, na unapotoa mbelewele huwa umekwisha kuchukua takriban theluthi mbili. Mbolea iliyowekwa mapema mno hubaki udongoni ikisubiri, na katika mvua za Desemba hadi Aprili kusubiri huko kuna gharama: Urea hugeuka amoniamu, kisha naitreti, ambayo haishikwi na chembe za udongo bali hushuka na maji hadi chini ya mizizi. Udongo wa kichanga huipoteza upesi zaidi.

Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Kaya yenye mfuko mmoja tu kwa ekari isiuguse siku ya kupanda. Penye kichanga, nusu iwekwe mmea ukiwa na majani sita hadi nane, na nusu ya pili kabla tu ya mbelewele; penye mfinyanzi, kazi ya kurudia huenda isilipe. Ifukiwe pembeni mwa shina, kwani ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu sehemu yake hupaa kama gesi ya amonia.

Kwenye ngoro kuna jambo la ziada. Vijidudu vinavyoozesha nyasi zilizofukiwa hukopa naitrojeni ya udongo, hivyo mahindi yakipandwa mapema hupauka hata mvua ikiwa nzuri. Desturi ya Wamatengo ya kutanguliza maharage, kisha mahindi msimu unaofuata, huzipa nyasi miezi kadhaa ya kuoza. Sioni sababu ya kuibadili.

Mfuko ukifika mbelewele zimekwisha kukauka, heri ufungwe vizuri na kuhifadhiwa pakavu, juu ya vichanja, hadi msimu ujao.