Brashi ya kunyolea ya bei nafuu: jua nywele ni za mnyama gani kabla ya kupaka povu

Jumanne na Jumamosi ni siku za soko Loitokitok. Huja watu wa Kimana na Illasit, huvuka wengine kutoka Tarakea upande wa Tanzania, na hawakosekani watu wetu wa Pwani waliopandia Voi na Taveta kufuata nyanya na vitunguu vya kuleta Kongowea. Shughuli ikiisha, mtu hupitia mafungu ya mitumba na vitu vidogo vidogo kabla ya kupanda gari. Ukikuta hapo, au kwenye duka lolote la simu, brashi ya kunyolea iliyoandikwa badger kwa bei ya kuvutia, usiichukue mbiombio. Bei ya chini na jina hilo ni nadra kwenda pamoja, na kwa Muislamu kuna swali jingine zaidi ya pesa.

Kwanza, faida ya brashi. Wengi wetu nywele za kidevuni ni za kujisokota. Wembe ukizikata vibaya hurudi kuchimba ngozi, ndipo vinapotoka vile vipele vya shingoni. Brashi yenye maji na sabuni hulainisha ndevu, huzinyanyua na hutandaza povu zito ambalo wembe hupita juu yake bila kukwaruza. Haiponyi vipele, lakini ukinyoa kwa kufuata mlalo wa nywele, bila kurudiarudia, inasaidia. Hata anayefuga ndevu hutengeneza mashavu na shingo, kwa hivyo jambo hili linamhusu pia.

Mnyama mwenyewe ni nani?

Badger ni jamaa wa nyegere tunayemjua, lakini si yeye. Nyegere wetu ni mla asali. Anayetoa nywele za brashi ni mnyama wa Ulaya na Asia, na siku hizi sehemu kubwa ya nywele hizo hutoka China. Mtu akikwambia brashi yake ni ya nyegere wa hapa karibu na Amboseli, ama anakudanganya, ama anakuingiza matatani: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuuza au kuweka kiungo cha mnyama wa porini bila kibali.

Nywele za mnyama huyo zina sifa yake. Ni laini kwenye ncha, hushika maji mengi, na rangi yake ni ya mikanda mitatu: ncha nyeupe, katikati nyeusi, na chini nyeupe tena. Wauzaji huzipanga kwa madaraja, kutoka zile za kawaida zinazochomachoma hadi zile za ncha nyeupe kabisa. Madaraja hayo hayana kipimo cha pamoja duniani, kila kiwanda huandika lake. Brashi za juu za Uingereza hupita pauni 100. Ukiona maneno yaleyale kwenye boksi la bei ya mchele wa siku mbili, jiulize.

Udanganyifu huu ni wa zamani

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nywele za mnyama huyu ziliadimika. Watengenezaji wakageukia singa za farasi, wakazitia rangi zifanane na zenyewe. Nyingi zilitoka Asia na hazikusafishwa inavyopasa. Matokeo yake yalikuwa kimeta, ugonjwa uleule ambao wafugaji wanauogopa kwenye mifugo yao. Kati ya mwaka 1915 na 1924 watu zaidi ya 200, askari na raia, waliugua Uingereza na Marekani, na wengine walikufa, kwa kuwa vijidudu viliingia kwenye michubuko ya wembe. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Brashi mpya za leo husafishwa, na hatari hiyo haipo tena kwa mnunuzi wa kawaida. Lakini mafunzo mawili yamebaki. Brashi kuukuu ya nywele za mnyama usiyemjua, iliyotoka kwenye fungu la mitumba, iache hapohapo. Na rangi ya mikanda mitatu si ushahidi wa chochote, kwa sababu hupakwa.

Suala la nguruwe

Hili ndilo ambalo watu wetu wengi hawaliulizi. Brashi nyingi za bei ya chini duniani, za kunyolea na za kupakia rangi ukutani, ni za nywele za nguruwe. Nazo pia hupakwa mkanda mweusi zionekane za badger. Nchini Malaysia sheria inataka kitu chochote cha nguruwe kiandikwe wazi, na mwaka 2017 maafisa walizoa maelfu ya brashi za rangi madukani kwa kukosa maandishi hayo. Sisi hapa tunaachiwa kusoma boksi na kumwamini muuzaji.

Nguruwe ni najisi, na brashi mbichi kwenye uso mbichi ni kugusana kwenye unyevu, si jambo la kupuuza kabla ya swala. Hata nywele za badger halisi zina mjadala. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, nywele za mnyama asiyeliwa, au aliyekufa bila kuchinjwa, huhesabiwa najisi. Wahanafi wana nafasi zaidi, isipokuwa kwa nguruwe. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ila ajue kuwa njia ya kuikwepa shaka yenyewe ipo, na ni rahisi kwa mfuko.

Jaribio la moto

Chomoa unywele mmoja wa brashi, uuguse kwa kiberiti. Nywele ya mnyama hunuka kama kucha iliyoungua na kubaki majivu yanayosagika. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kumbuka tu: moto utakwambia kama ni nywele, hautakwambia ni za nani. Nguruwe, farasi na badger wote hunuka sawa. Kwa hivyo asiyetaka shaka achukue ile inayoyeyuka.

Wala hatakuwa amepunjika. Brashi za nyuzi za miaka ya karibuni si zile za zamani zilizokuwa kama ufagio. Ni laini, hazihitaji kurowekwa, hutumia sabuni kidogo na hukauka upesi. Hilo la kukauka si dogo kwetu. Kwenye fukuto la Mombasa au Lamu, brashi nene ya nywele za mnyama inaweza kukesha na unyevu hadi ikanuka uvundo.

Ukinunua, angalia nini

Kwa anayetengeneza povu usoni moja kwa moja, bila bakuli, ulaini peke yake hautoshi. Brashi iwe na uti: ukiibonyeza kiganjani ifunguke, ukiiachia irudi. Kitita chenye upana wa milimita 22 hadi 24, na nywele fupi za karibu milimita 50, kinatosha. Nywele ndefu zilizolegea zinafaa bakulini; usoni hulala chali na kurusha povu masikioni. Ivute kidogo: nywele moja mbili zikitoka si neno, zikitoka kishada rudisha. Ilowanishe, uikamue kwenye kitambaa cheupe; ikitoa rangi, jibu umelipata.

Nyumbani, ilowanishe, ikung'ute, uizungushe kwenye sabuni nusu dakika, kisha usoni kwa mviringo, ukiongeza maji tone kwa tone. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanajua sabuni haifanyi povu. Tumia maji ya mvua au ya mtungi, kikombe kimoja kinatosha. Ukimaliza suuza, kung'uta, itundike kichwa chini penye upepo. Na brashi ni kama mswaki, haiazimwi, wala usikubali kinyozi akupake kwa ile aliyompakia aliyekutangulia.

Wazee walisema rahisi ghali. Hapa ghali yenyewe ni kulipia jina la mnyama usiyempata. Brashi ya nyuzi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya nyuzi ina heshima kuliko badger ya uongo. Mwenye uwezo na anayetaka ile halisi, anunue kwa muuzaji anayeandika nywele ni za mnyama gani na zimetoka wapi. Asiyeandika, mwachie mwenyewe.