Mkanda wa Jeshi, Kuresoi na Angani

Mkulima wa viazi wa Keringet, Kuresoi, na mwanaanga anayepita kilomita 400 juu ya dunia, ikiwa wote waliugua tetekuwanga utotoni, bado wamebeba virusi vyake. Upele hupona, lakini virusi hubaki vimejificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo. Seli T, askari wa kinga ya mwili, ndizo huvizuia visiamke.

Safari za anga zimeonyesha jinsi ulinzi huo unavyolegea. Mwaka 2019 watafiti wa NASA walichapisha matokeo ya vipimo vya mate, mkojo na damu. Wanaanga 47 kati ya 89 wa safari fupi, na 14 kati ya 23 waliokaa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, walikuwa wakitoa virusi vya jamii ya tetekuwanga. Wachache tu waliugua.

Chanzo si kimoja. Angani jua huchomoza na kuzama mara 16 kwa siku, basi usingizi huvurugika. Msongo hupandisha homoni ya kortisoli, ambayo huzidhoofisha seli T, na mionzi nayo huongeza mzigo. Hata kukosa uzito kuna athari: katika jaribio la 1983 kwenye maabara ya angani ya Spacelab, seli za kinga zilizochokozwa angani ziliitikia kwa chini ya asilimia 3 ya mwitikio wa zile zilizobaki duniani.

Huku kwetu kinga hudhoofishwa na uzee, kisukari, VVU na dhiki ya muda mrefu. Hapo virusi huamka na kuleta mkanda wa jeshi: maumivu ya kuchoma ubavuni, kisha malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa mwili bila kuvuka upande wa pili. Huo si uchawi wala jicho baya la jirani. Una dawa, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee.

Kwa hiyo fika hospitali ya Olenguruone au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na ukubali kupimwa VVU na sukari. Hadi malengelenge yakauke, yafunike, na ujitenge na watoto wachanga na wajawazito ambao hawajawahi kuugua tetekuwanga. Mwanaanga hupimwa kabla ya dalili yoyote. Sisi tuliokwisha kuiona dalili tusingoje maumivu yazidi.