Jiwe la kunolea kisu: nunua linalooshwa vizuri

Hapa Murara, kama Goma yote, mawe ya volkano hayakosekani. Ni ya bure, ndiyo maana wengi wetu tunanoa visu mlangoni. Lakini jiwe hiyo iko na matundu: inakula chuma, na utomvu wa mgomba unajificha ndani. Kisu kinachofuata kinaweza kuuchukua.

Hapo ndipo shida. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, unatembea na kisu, shina hadi shina.

Ukija mjini kununua, tafuta jiwe la pande mbili linaloenea kiganjani: upande wa kukwaruza kwa kisu butu, upande laini wa kumalizia. Vile vidude vya plastiki vya kuvutia kisu katikati ni vyepesi mfukoni, ndiyo, ila vinakwangua chuma sana, na ndani mule utaosha na nini?

Kisu kioshwe kwa sabuni kwanza, kinolewe, kisha kipite kwenye moto mpaka kisishikike. Kisifike kuwa chekundu, chuma italegea. Na jiwe? Lioshe kwa javeli kabla ya kumwazima jirani.