Kipanga Hafiki Peke Yake

Kila semina ya mafanikio hapa chuoni mzungumzaji anatuambia yale yale: amka alfajiri, pambana, usikate tamaa. Si uongo. Lakini wote tunawajua watu wanaopambana kuliko sisi na bado hawajafika popote. Sasa wanaofika mbali wana nini cha ziada?

Chukua kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, Mpemba akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akataniwa.

Baadaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alitembelea Mkwawa. Mpemba akasimama na swali lile lile. Darasa likacheka. Osborne naye alikuwa na mashaka, ila aliporudi Dar aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya "athari ya Mpemba".

Angalia vizuri. Udadisi na ung'ang'anizi Mpemba alikuwa navyo miaka yote ile, na vilimletea kuchekwa tu. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mtu mmoja aliyelichukulia swali lake kwa uzito, tena mwenye maabara.

Nasema haya nikijisema mwenyewe. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Nyakakika, Karagwe, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini ndizi zikifukiwa shimoni zinaiva haraka kuliko zilizobaki nje?" Kipindi kilikuwa kinaisha. Nikamjibu, "Hiyo haimo kwenye mada, kaa." Akakaa. Hakuniuliza kitu tena mpaka naondoka.

Jibu nililitafuta baadaye. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huziivisha zilizo jirani. Shimo linaifungia gesi pamoja na joto. Dakika mbili zingetosha kueleza. Hata kama sikujua siku ile, ningeweza kusema, "Sijui, tutafute wote."

Sisemi yule mtoto angekuwa Mpemba. Nasema mimi nilikuwa na nafasi ya Osborne, nikaitumia kumkalisha.

Basi wanaualimu wenzangu, tutakapoanza kufundisha, kwenye kila darasa kutakuwa na mkono mmoja juu wenye swali lisilo kwenye mada. Juhudi ni za mtoto. Kumsikiliza ni kazi yetu.