Kamera Uso kwa Uso na Jua (Sehemu ya Tatu)

Waliopigwa picha za familia enzi za mkanda wanaikumbuka amri ile: "Geukeni huku, jua liwapige usoni." Mpiga picha alijiweka jua likiwa mgongoni kwake, nasi tukafinya macho. Wiki mbili baadaye bahasha ikaja, nyuso zimekunjamana lakini zinatambulika. Kwa mkanda wa bei nafuu na kamera isiyo na cha kurekebisha, amri ile ilikuwa na maana. Kwa mandhari, mimi nasema inaua picha. Mwanga ukitoka nyuma ya mpigaji, vivuli vyote hujificha nyuma ya vitu vyenyewe, na kilima bila vivuli huwa bapa kama kilichobandikwa ukutani.

Kwa hiyo leo tugeuke. Tusimame Forodhani, Unguja, saa kumi na moja na nusu jioni, tukitazama magharibi. Mbele yetu kuna bahari, mashua mbili tatu, na vijana wa makachu wanaokimbia na kujirusha majini kutoka ukutani. Kila mtu ameinua simu. Mmoja anapata kijana anayeonekana vizuri, lakini anga nyuma yake limekuwa jeupe kama karatasi. Jirani yake anapata anga la rangi ya chungwa, na kijana mweusi tititi. Wote wawili wanalaumu simu.

Simu haina kosa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinatazama bahari au harusi. Kinachukulia tu kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Jua likiingia kwenye fremu hesabu inavurugika: kamera inaona mwanga mwingi mno, inapunguza, na kila kisichong'aa kinazama gizani. Ukigusa uso wa kijana kwenye kioo, simu inampendelea yeye, na anga linaungua.

Wapiga picha hupima tofauti hizi kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga maradufu. Kamera nzuri ya leo inamudu takriban stopu 14, yaani mahali penye mwanga zaidi panaweza kuzidi penye giza zaidi mara 16,000 na ushei. Ni nyingi, lakini jua la mchana hung'aa zaidi ya mara laki moja kuliko anga la bluu lililo kando yake, tena hapo hatujafika kwenye vivuli. Huwezi kuvipata vyote. Mwenye kukabili jua ana uamuzi mmoja mkubwa, nao ni kuchagua atakachokipoteza.

Gustave Le Gray, Mfaransa, alikutana na tatizo hili kwenye pwani ya Normandie mwaka 1856. Aliielekeza kamera yake upande wa jua lililojificha mawinguni, merikebu ikiwa mbali baharini. Akawapa mwanga mawingu na maji yanayometameta, akaliacha giza lifunike yaliyobaki. Picha ilipotoka ilionekana kama ya usiku wa mbalamwezi, na ndivyo ilivyopewa jina, ingawa ilipigwa mchana. Baadaye, kwa baadhi ya picha zake za bahari, aliunganisha negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya maji. Simu yako inapopiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kimyakimya, haijabuni jipya.

Ushauri wangu ni kumfuata Le Gray wa mwanzo: lipe mwanga anga. Elekeza kamera pembeni kidogo ya jua, pima hapo, funga kipimo, kisha rudi kwenye fremu yako. Kwa simu, bonyeza anga na usiachie mpaka kipimo kijifunge, halafu telezesha kidole chini kidogo. Giza la mbele litakuwa giza kweli, na hapo ndipo kazi inapoanza. Umbo jeusi halina sura wala nguo, lina ukingo tu. Mlingoti ukipishana na mnazi unapata donge. Mikono ya mrukaji ikibana mbavu unapata gogo. Sogea hatua mbili, subiri, mpaka kila umbo lipate nafasi yake ya anga.

Jua lenyewe lifiche nusu nyuma ya tanga au shina la mti. Ukipunguza tundu la lenzi hadi f/16, sehemu inayobaki hutoa miale kama nyota. Miale hiyo inatokana na vibamba vinavyolifunga tundu. Vikiwa 8 utaona miale 8, ila vikiwa 7 utaona 14, kwa kuwa kila ukingo hutupa mwale pande mbili.

Futa lenzi. Nasema hivi kwa uchungu, kwani niliwahi kupoteza jioni nzima kwa alama ya kidole gumba changu mwenyewe. Jua likiwa mgongoni alama hiyo isingeonekana kabisa, lakini likiwa mbele ilitandaza utando mweupe juu ya bahari yote. Chumvi ya upepo wa pwani ina tabia hiyohiyo. Na usilitazame jua kupitia kitundu cha kamera yenye kioo, hasa kwa lenzi ndefu. Lenzi hiyo hukusanya miale kama ile tuliyochomea karatasi utotoni, na jicho ni laini kuliko karatasi.

Kuhusu muda, vitabu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini. London mwezi Juni, duara la jua huchukua zaidi ya dakika 4 kuzama tangu liguse upeo. Unguja ni dakika 2 na sekunde chache, kwa sababu kwetu jua hushuka karibu wima. Nyoosha mkono, banza vidole vinne kwa ulalo chini ya jua: upana ule ni nyuzi kama 8, sawa na nusu saa. Vitabu vyao huahidi saa nzima. Ukiviamini utafika ukutani watu wanakunja mikeka.

Jioni ninayoikumbuka, kijana wa mwisho aliruka jua limebaki ukucha. Nilipiga fremu tano. Katika nne ni gogo. Katika ya tatu mikono imeachana na mwili, na kati ya kiwiko na ubavu kuna pembetatu ndogo ya rangi ya chungwa.

Itaendelea wiki ijayo.